Nikenda, Nende na Nani?

Waungwana mliokusanyika, mliotangulia kuketi na mliofika mkiwa bado mnatafuta pa kuweka viatu, naomba ruhusa ya kusema mbele yenu. Umri wangu haujanipa haki ya kuwatia wakubwa hofu. Lakini hofu ninayowaletea si yangu, mimi ni mchukuzi tu. Mwalimu wangu wa ushairi alinifunza kwamba msemaji asiyeanza kwa salamu ni kama mgeni aliyeingia hadi chumbani bila kubisha. Basi, hodi:

*Salamu naziandaa, kwenu nyote mlofika,*
*Mlo mbali na jamaa, na walio wangu rika,*
*Washeni upesi taa, jua limeshafichika,*
*Sauti ikizagaa, msiwahi kuitika.*

Mkiwa mmenikaribisha, nasimulia.

Palikuwa na ndugu wawili, wote wanawake, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili. Cha nyuma walilala. Cha mbele kilikuwa saluni. Mkubwa alikuwa msusi, na mkono wake ulikuwa mwepesi hata wateja walisinzia kitini. Mtaa mzima ulimwita Dada, wakiwemo bibi vizee waliomzidi umri mara mbili. Mama yao alifariki yule mdogo akiwa bado na mapengo ya meno ya utoto, na maneno yake ya mwisho kwa bintiye mkubwa yalikuwa mafupi: "Usimwache apotee." Dada hakuolewa. Kila posa ilipokuja alisema ana mtoto wa kulea, na mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kumpita kimo.

Mtoto huyo aliitwa Kasuku, kwa kuwa nyimbo zote za bendi ya Sauti ya Shaba alizijua kwa moyo, mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi.

Wapenzi wa bendi ile walikuwa na ada yao. Katika wimbo uliopendwa kuliko zote, mwimbaji mkuu alikuwa akivinyamazisha vyombo, akasogea ukingoni mwa jukwaa, akauliza taratibu: *Nikenda, nende na nani?* Na ukumbi mzima, watu elfu kwa pumzi moja, humjibu: *Ni mimi, twende pamoja.* Ada hiyo ikatoka ukumbini ikaingia mitaani. Mpenzi wa bendi akimwona mwenzake sokoni au kwenye foleni ya maji, humtupia swali, na aliyesikia lazima aitike. "Mwito hauachwi hewani," walisema. Aliyeuacha alichekwa mwezi mzima. Kasuku aliwahi kuitika akiwa kwenye kiti cha daktari wa meno, mdomo umejaa pamba, na daktari akamwomba radhi akidhani amemuumiza.

Mwaka mmoja kabla ya mambo haya, mwimbaji mkuu alifariki. Alifia safarini, katikati ya ziara, baina ya mji na mji. Bendi ikakaa kimya, ikaomboleza, kisha ikatangaza kwamba imepata mwimbaji mpya na itazunguka tena, mji hadi mji. Siku hiyo Kasuku, naye sasa msusi pale saluni, alimwacha mteja na kichwa kilichosukwa nusu, akaenda kuwapasha habari nusu ya mtaa.

Mpango ukaanza. Wataifuata bendi ziara nzima, kutoka mji wa kwanza hadi wa mwisho, kwa gari dogo la jirani yao, dereva aliyeitwa Breki kwa sababu alikuwa hodari wa kusimama kuliko wa kwenda. Wa nne alikuwa fundi wa spika, mtu mpole mwenye karakana mwisho wa kichochoro. Kazi yake ilikuwa kufunga spika kubwa ndani ya gari, ili njia nzima wasikose muziki.

Kila alasiri walikutana saluni kupanga.

"Breki, hilo gari litapanda mlima?" aliuliza Dada, vidole vikiwa nyweleni mwa mtu.

"Litapanda, Dada. Tena litapanda likiimba."

"Likiimba au likilia?"

"Wimbo na kilio ni ndugu, baba mmoja mama mbalimbali."

"Basi wewe na Fundi mtasukuma," akasema Kasuku. "Mimi sauti yangu naitunza."

Fundi akacheka kimyakimya. "Na wewe Dada, nyimbo huzijui. Unaifuata bendi ya nini?"

"Nani kakwambia naifuata bendi? Mimi namfuata huyu," Dada akajibu, akamwelekeza Kasuku kwa kitana.

Ni kweli. Katika maisha yake yote Dada hakuwahi kuitika mwito ule. Alisema mtu mzima hajibu swali ambalo hakuulizwa yeye.

Jioni moja, jua likiwa limelala juu ya mapaa, ndugu hao wawili walikwenda kuichukua spika kwa Fundi. Safari fupi tu. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu adhuhuri, na kichochoro cha mafundi kilikuwa tupu. Wachomeleaji walikuwa wamekwenda zao, maseremala wamefunga. Palinuka vumbi la mbao na mafuta ya mashine. Kasuku alitangulia, akagonga mlango wa karakana.

"Kufuli hili hapa nje," Dada akasema. "Unamgongea nani?"

Kasuku alikuwa bado ameinua mkono aliposikia.

Sssss...

Ule mvumo wa spika inapowashwa, kabla ya muziki kuanza. Ulitoka ndani. Kisha ikaja harufu kupitia nyufa za mlango: karafuu maiti, na juu yake harufu ya vumbi lililopata moto. Dada alimshika mdogo wake kiwiko. Alitaka kusema, turudi.

Sauti ikamwahi.

Haikuwa kubwa. Ilikuwa karibu, kama ya mtu aliyegusisha midomo kwenye kipaza sauti. Nayo waliijua, hapakuwa na mtu katika nchi ile asiyeijua.

"Nikenda... nende na nani?"

Kasuku akaitika. Hakuamua kuitika, waungwana. Kope haziamui kufumba.

"Ni mimi, twende pamoja."

Nyuma ya mlango, usawa wa uso wa Kasuku, mtu akavuta pumzi. Ndefu. Ya mtu aliyekuwa amezama, akaibuka.

"Haya," ikasema.

Wakirudi, Kasuku alijaribu kucheka: Fundi huyo, kajifungia na kanda ya zamani, anatutania. Dada alikuwa akihesabu moyoni njia za kufunga kufuli kwa nje ukiwa ndani, na hakupata hata moja.

Asubuhi Fundi alikuja mwenyewe, amejawa na haya. "Mnisamehe jana. Nilifunga mapema, nilikwenda kwa wakwe, nikalala huko. Na spika yenu haijawa tayari." Akaifunua mezani. Ule uso wa karatasi unaotikisika ukatoa sauti haukuwepo. Aliukata juzi, anangoja mpya. Palibaki chuma na shimo.

"Jana jioni hii ilikuwa hivi hivi?" Dada akauliza.

"Hivi hivi. Bila karatasi, spika ni bakuli, Dada. Bakuli haliimbi."

Tangu siku hiyo Kasuku hakutulia.

Akiketi, miguu yake ilikuwa ikipiga sakafu kama ya mtu aliyechelewa gari. Akila, alikula amesimama mlangoni. Alifunga begi la safari, akalifungua, akalifunga tena, na ziara ilikuwa bado mbali. Akilala, Dada aliisikia miguu ikienda chini ya shuka, hatua baada ya hatua, bila kuchoka, bila kufika. Mchana mikono yake ilisahau kazi. Alikuja bibi mmoja anayekwenda kumwoza mwanawe, akataka mtindo wa maua pembeni. Alipopewa kioo akakitazama kwa muda.

"Kasuku, mwanangu."

"Naam, mama."

"Mimi nakwenda harusini. Wewe umenisuka twende kilioni."

Wanawake wote wakacheka, maana twende kilioni ndilo jina la mtindo huo wa mistari iliyonyooka kurudi nyuma, na bibi harusi gani anataka mama mkwe wa namna hiyo. Kasuku alicheka pia. Dada aliutazama ule usuko na hakucheka. Mistari ilikuwa imenyooka mno, kama barabara zilizochorwa na mtu aliyezipita.

"Nini kinakusumbua?" alimwuliza baadaye.

"Sijui, Dada. Nahisi kama gari linaningoja nje, na injini inawaka."

Jioni nyingine, kiza kikianza kuingia, Dada alikuwa uani akianua taulo. Aliporudi ndani akamkuta Kasuku ameketi kwenye kiti cha kukaushia nywele, lile kofia kubwa la bati likiwa limemfunika kichwa hadi nyusi. Waya wake ulikuwa umezungushwa na kuning'inizwa ukutani. Haukuchomekwa popote.

Karafuu maiti.

Macho ya Kasuku yalikuwa wazi. Ndani ya kofia palivuma... sssss... na Dada hakusikia swali, alisikia jibu tu, kwa sauti tamu, ya utii.

"Ni mimi, twende pamoja."

Dada alilivua kofia kwa mikono miwili. Lilikuwa na joto. Akampigia magoti mdogo wake, akamshika nyayo ili aizuie miguu iliyokuwa ikipiga sakafu. Ndipo alipoona. Nyayo za Kasuku zilikuwa zimejaa vumbi jekundu la njia kuu, limeingia hadi katikati ya vidole, na kisigino kimoja kilikuwa kimepasuka kwa mwendo.

Tangu asubuhi Kasuku hakuwa ametoka nje.

Dada aliziosha nyayo zile kwa maji ya vuguvugu, kama alivyokuwa akiziosha zamani. Maji yakawa mekundu, akamwaga, akateka mengine. "Dada," Kasuku akanong'ona, "nikifumba macho naona dirisha la gari. Na mtu ameketi kando yangu. Simwoni uso. Ananisogelea, anaona baridi."

Kulipokucha Dada alikwenda kumtafuta mzee mmoja aliyekuwa mpiga tarumbeta wa bendi hiyo miaka mingi, hadi meno ya mbele yalipomtoka akaacha. Sasa alikuwa bawabu wa ghala la magunia. Alimpokea kwa heshima, akampa benchi lake, mwenyewe akasimama. Dada alipofika kwenye lile neno "haya," mzee alitazama nyuma, ingawa nyuma yake palikuwa na ukuta.

"Sema polepole, binti yangu. Akitajwa husikia."

"Ni yeye, babu?"

"Ni sauti yake. Yeye na sauti yake ni vitu viwili." Mzee alijifuta midomo. "Alipojiunga nasi alikuwa na sauti kama ya mbu. Tulimcheka. Akaondoka, akakaa huko alikokaa, hakutuambia wapi. Aliporudi alikuwa na ile mnayoijua. Tukamwuliza, umelipa nini? Akasema, sijalipa kitu. Nimeahidi tu."

"Ameahidi nini?"

"Kwamba siku ya kwenda hatakwenda peke yake."

Mzee akatazama tena nyuma, akaendelea.

"Ndiyo maana aliuliza kila onyesho. Sisi tulidhani ni mapambo ya wimbo. Watu elfu wakiitika, ahadi hugawanyika mafungu elfu, na fungu dogo namna hiyo halimchukui mtu. Labda humnyang'anya usingizi wa siku moja. Aliishi hivyo. Lakini alikufa ndani ya gari, kiti cha mbele, sote tumelala. Kama aliuliza, hapakuwa na wa kumwitika. Sasa naona anauliza mmoja mmoja."

"Mdogo wangu asipokwenda ziarani?"

"Ziara itamjia."

"Nikimziba masikio? Nikimkataza kuitika?"

"Ameshaitika mara mbili. Utakizuia kikohozi?" Mzee akainama, sauti ikawa pumzi tupu. "Atakuja mara ya tatu, kabla hamjaondoka. Jibu la tatu ndilo linalofunga, na humfunga aliyelitoa. Mkusanyike. Kila mtu mtakayempata. Akiuliza, muitike pamoja, kwa pumzi moja, ili alipate jibu la wengi. Asiitike mmoja peke yake, binti yangu. Nasema tena. Asiitike mmoja."

"Wewe utakuja, babu?"

Alitikisa kichwa. "Mimi nilimfuata miaka yote kwa tarumbeta. Akianza, nitaanza. Sitawasaidia."

Dada alizunguka mtaa mzima siku hiyo. Watu walimsikiliza kwa adabu, kisha kila mmoja akakumbuka shughuli. Mwenye duka ana mgonjwa, mshona viatu ana kazi ya haraka, mama wa harusi hajisikii vizuri. Ilikuwa siku ya mwisho kabla ya safari, na magharibi ilipokaribia, saluni ilikuwa na watu wanne tu, wale wale wa mpango: Dada, Kasuku, Breki na Fundi.

"Wanne si elfu," akasema Fundi.

"Wanne si mmoja," akajibu Dada. "Hebu tujaribu."

Wakajaribu. Breki alikuwa na sauti ya mlango uliokosa mafuta.

"Ukiitika hivyo," Kasuku akamwambia, "yeye mwenyewe atatuacha akimbie."

Wakacheka, na kicheko kiliwasaidia kidogo. Dada alimkalisha Kasuku chini, kwenye mkeka, baina ya magoti yake, akaanza kumsuka kwa ajili ya safari. Alitaka kumshika bila kuonekana anamshika. Miguu ya Kasuku ilikuwa ikipiga mkeka. Nje watoto waliitwa majumbani. Mtu alifunga dirisha. Mwanga ukawa wa kijivu, kisha ukawa hauna rangi.

Fundi alinusa. "Mnasikia harufu?"

Ilikuwa karafuu maiti.

Sssss...

Kofia la kukaushia. Kisha redio ndogo ya rafuni, isiyo na betri. Kisha simu ya Breki mfukoni, aliyokuwa ameizima kwa mkono wake. Vyote vilivuma pamoja, vikanyamaza pamoja.

Sauti ilitoka nje ya mlango.

"Nikenda... nende na nani?"

Wakati ulikuwa huo. Breki alifungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi, kitupu. Fundi alikuwa analia bila kutoa sauti, machozi yakimwingia midomoni. Kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, kama ilivyo desturi ya watu wachache. Elfu hawangojani, lakini wanne hungojana. Na Dada, nyimbo hazijui, pumzi ya kuanzia alikuwa akiitegemea kutoka kwao.

Mlango haukufunguka. Lakini sauti ya pili ilitoka ndani.

"Nikenda..."

Kasuku alijaza kifua hewa. Dada aliuhisi mgongo wake ukipanda baina ya magoti yake, mbavu zikitanuka, bega likiinuka. Alivifahamu vyote, alimlea. Alijua pumzi ile ina neno gani ndani yake, na kwamba ikitoka itatoka peke yake.

"...nende na nani?"

Dada alimziba mdomo kwa kiganja kilichojaa mafuta ya nywele. Akamvutia kichwa kifuani, akamkaza. Na yeye, aliyesema mtu mzima hajibu swali ambalo hakuulizwa yeye, akajibu. Hakuimba. Alisema, kama mtu anayemwambia mteja kwamba zamu yake imefika.

"Ni mimi. Twende pamoja."

Pumzi ikavutwa. Ndefu.

"Haya."

Harufu ikatoweka. Miguu ya Kasuku ikasimama. Mwili wake wote ulilegea, akalala pale pale mkekani, usingizi mzito ambao hakuupata tangu jioni ya karakana. Breki alianza kuomba radhi, akashindwa kumaliza. "Haidhuru," Dada akawaambia. "Nendeni mkalale. Kesho tuna safari." Akaendelea kusuka hadi msuko wa mwisho, mikono imetulia kabisa.

Chini ya kigoda, mguu wake wa kulia ulianza kupiga sakafu.

Asubuhi Kasuku alimlilia asiende. Dada alikuwa amesimama mlangoni na begi, na alikuwa amesimama hapo tangu kabla ya kupambazuka. "Ziara itanijia, mdogo wangu. Heri niende nikiwa nimeshikwa mkono na mtu wangu."

Basi wakaenda, na Kasuku hakuuachia mkono ule. Katika kila mji aliingia ukumbini mapema, akawafuata watu asiowajua, mmoja mmoja, akiwasihi: mwimbaji akiuliza, itikeni kwa nguvu zote, nawaomba, msimwachie mtu mwingine. Walimwona mpenzi wa bendi aliyepitiliza, wakamwahidi. Nao waliitika, paa likatetemeka. Kila baada ya onyesho Kasuku alimtazama Dada usoni akitafuta kama ahadi imepungua. Dada alitabasamu. Ndani ya gari hakuegemea kiti, na nyayo zake zilikuwa na vumbi jekundu hata baada ya kuoga.

Mji wa mwisho, ukumbi ulifurika. Kasuku alikuwa ameushika mkono wa Dada kwa mikono yake yote miwili. Mwimbaji mpya akavinyamazisha vyombo, akasogea ukingoni, akauliza. Ukumbi ukaitika kwa mshindo, watu wakasukumana, wakarukaruka, na Kasuku akafumba macho, akakaza mikono, hakuiachia hata kidogo. Ule mkono alikuwa nao. Alihisi vidole, alihisi mapigo ya damu. Mshindo ukatulia.

"Dada wee," ikasema sauti ya upole. "Mbona unaniumiza?"

Akafumbua macho.

Alikuwa amemshika mwanamke asiyemjua.

Walimtafuta hadi watu wote walipotoka na taa zikazimwa. Walikwenda polisi, wakaenda hospitali. Breki aliizunguka miji yote ya ziara akirudi nyuma, na safari hiyo hakusimama njiani hata mara moja. Hakupatikana. Dereva wa gari la bendi alihojiwa, akaapa kwamba aliondoka na wanamuziki wake tu. Kiti cha mbele hakikaliwi na mtu tangu mwimbaji afariki, walikuwa wamekiacha kwa heshima yake. Kitu kimoja tu alikisema kwa kusitasita, alipobaki peke yake na Kasuku: kwamba alfajiri iliyofuata onyesho lile, walipofika kwao, alikiona kiti kile kimebonyea. Akakigusa. Kilikuwa na joto upande mmoja, na baridi upande wa pili.

Bendi ingali inazunguka, waungwana. Wengi wenu mmeisikia. Nawaombeni siku nyingine msikilize vizuri zaidi. Mwimbaji akishauliza, kabla ukumbi haujaitika, kuna sauti moja inayotangulia kidogo. Ya mwanamke. Haiimbi, inasema. Mafundi wa mitambo wamebadilisha nyaya, wamebadilisha spika, na sasa wameizoea. Mimi nilidhani ni mwangwi, mpaka nilipoambiwa.

Wiki iliyopita ilitangazwa ziara mpya. Nilipita nyumbani jioni nikakuta begi liko wazi kitandani na nguo zinakunjwa. Nikauliza safari ya wapi. Nikaambiwa, mji hadi mji, mpaka wa mwisho. Nikauliza, kuitika? Nikajibiwa, "Hapana, mwanangu. Kumsikiliza tu." Ndipo nikasimuliwa yote haya, kutoka karakana hadi kile kiti, huku nguo zikikunjwa na kukunjuliwa na kukunjwa tena. Nikasema, "Twende pamoja." Akanitazama kwa hofu ambayo sijapata kuiona usoni pake, akaniomba nisiyaseme tena maneno hayo mawili.

Gari limeondoka leo adhuhuri. Nanyi mkitaka kujua nimekitoa wapi kisa hiki, nimekitoa kwa mama yangu mzazi, msusi, ambaye zamani mtaa mzima ulimwita Kasuku.